Zahanati ni ya kaunti, cheti cha kuzaliwa si chake: nani anafanya nini Kwale

Nauli ya kutoka Kinango hadi Kwale mjini si hela ya kuchezea. Wengi wanaorudi mikono mitupu hawakukutana na karani mbaya, ila walibisha mlango wa jirani: waliidai kaunti kazi ya serikali kuu, au kinyume chake. Serikali za kaunti za Kenya, zote 47, zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na kazi ziligawanywa na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010: hizi za serikali kuu, hizi za kaunti. Mpaka wenyewe hauonekani kwa macho. Mahali pengine unapita katikati ya uwanja wa shule.

Chukua shule ya msingi yenye madarasa ya chekechea pembeni. PP1 na PP2 ni mzigo wa kaunti, kuanzia jengo hadi mshahara wa mwalimu. Kuanzia Gredi ya 1 mwalimu ni wa TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu, na jengo ni la serikali kuu, mara nyingi limejengwa kwa pesa za NG-CDF, mfuko wa serikali kuu wa maendeleo, ambazo zimekuwa zikipitia eneo bunge wala hazimhusu gavana. Upepo ukiezua mabati ya PP2 na ya Gredi ya 3 usiku mmoja, barua ni mbili, kwa ofisi mbili. Anayeandika moja akataja paa zote mbili huishia kusubiri huku kila ofisi ikimtazama mwenzake. Vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Sekondari si zake.

Mtoto naye azaliwapo zahanati, kitanda ni cha kaunti na muuguzi analipwa na kaunti, lakini taarifa ya kuzaliwa huenda kwa Usajili wa Raia, ambao ni wa serikali kuu. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia kwa naibu wa chifu, na machifu hawako chini ya gavana. Ikipita miezi 6 huo ni usajili wa kuchelewa, na makaratasi yanaongezeka. Mazishi vilevile: mochari na makaburi ya umma ni ya kaunti, kibali cha kuzika si chake. Kitambulisho, polisi na hatimiliki, usiviulize huko kabisa.

Barabara hutambuliwa kwa herufi. Za daraja la A na B ni za KeNHA, mamlaka ya taifa ya barabara kuu, na ile ya Likoni hadi Lunga Lunga ni mojawapo. Daraja la C vijijini ni la KeRRA, mamlaka ya taifa ya barabara za vijijini. D kushuka chini, yaani njia nyingi zinazoingia vijijini, ni za kaunti. Kabla ya kulalamikia kalvati lililobomoka, jua kwanza herufi ya barabara.

Maji ndiyo yenye maneno mengi. Mjini na kando ya mabomba makuu kuna kampuni ya maji ya kaunti, na malalamiko yako yaende na namba ya mita. Vijijini kuna malambo, visima vyenye pampu ya sola, na pampu za mkono, nyingi zikiwa za aina ya Afridev. Pwani hii ya kusini ilikuwa uwanja wa majaribio ya pampu hizo miaka ya 1980, kwa hiyo si ajabu kukuta mzee anayezijua kuliko fundi aliyetumwa.

Ripoti inayosema "pampu imekufa" humleta fundi bila kifaa chochote cha maana. Afadhali useme pampu inafanya nini. Ukipiga mpini mara kumi na zaidi ndipo maji yatoke, kisha yakaendelea vizuri, valvu ya chini inavuja: pampu ikipumzika maji yanarudi kisimani. Hapo hubadilishwa bobini, yaani kizibo kidogo cha valvu, na pete ya raba. Maji yakiwa haba kila pigo, tangu la kwanza hadi la mwisho, raba ya pistoni imelika. Mpini ukiwa mwepesi ghafla na hakuna hata tone, rodi, yaani ufito unaounganisha mpini na pistoni, imechomoka au imekatika. Mpini ukiyumba huku na huku na kutoa mlio kama mlango mkavu, bushi ambazo mpini huzungukia zimekwisha, na ukiendelea kuutumia hivyo utakula na chuma chenyewe, ambacho bei yake si ya bushi.

Haya yote hayahitaji gari la kaunti. Afridev ilibuniwa ili wanakijiji waifungue wenyewe: spana moja, na kifaa cha kuvulia valvu ya chini kupitia ndani ya bomba lilelile, bila kung'oa bomba. Raba na bobini hubadilishwa hata kabla hazijakwisha, karibu kila mwaka pale panapochotwa sana. Ya kupeleka kaunti ni mengine: bomba la chini limepasuka, kisima kinatoa mchanga, maji yamegeuka chumvi, au usawa wa maji umeshuka kupita mita 45 ambazo pampu hii inazimudu. Kwenye ripoti andika jina la kisima, kijiji na wadi, tarehe kilipoharibika, dalili, na idadi ya nyumba zinazokitegemea. Hiyo idadi ndiyo inayompa ofisa wa maji hoja ya kukutanguliza.

Kisima cha sola kina ugonjwa wake. Kabla ya kupiga simu tazama kisanduku cha pampu. Kama kimejizima kwa sababu kihisi kimeona kisima kikavu, pampu ni nzima, ila imevuta kuliko kisima kinavyojaza. Iache ipumzike, kisha mpunguze saa za kuchota. Paneli zenye vumbi au kivuli cha mwembe uliokua bila kupogolewa hupunguza maji polepole, mpaka watu waamini kisima kinakauka. Na kamati ya maji isiyotoza hata shilingi chache kwa mtungi wa lita 20 haitakuwa na pesa ya raba Januari, wakati kila mtu anahitaji maji. Kaunti hujenga. Matunzo ya kila siku huachiwa kamati, hata kama siku ya uzinduzi hakuna aliyelitamka hilo jukwaani.

Kwa afya, kiwango cha 1 hadi cha 5 ni cha kaunti: mhamasishaji wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, zahanati (2), kituo cha afya (3), hospitali kama za Kinango na Kwale (4), na ya rufaa kule Msambweni. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF imeondoka na SHA imeingia. Usajili ni kwa *147# au kwa msaada wa huyo mhamasishaji, na hapa watu huchanganya mambo mawili. Kujisajili tu kunatosha kutibiwa bila malipo zahanati na kituo cha afya, kwa kuwa gharama hiyo hubebwa na mfuko wa afya ya msingi. Kulazwa hospitali ya juu kunataka mchango uwe umelipwa, na kwa asiye na mshahara hulipwa wa mwaka mzima kwa kiwango alichokadiriwa, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mjamzito asisubiri uchungu uanze ndipo ashike simu.

Dawa ikikosekana, uliza swali la pili: imekwisha, au haiwekwi hapa? Orodha ya dawa muhimu ya taifa hupanga dawa kwa viwango, na zahanati haipewi kila kitu. Kama imekwisha, kawaida sababu ni ratiba. Kituo huagiza kupitia kaunti, kaunti huagiza KEMSA, shirika la serikali kuu linalosambaza dawa, na kaunti yoyote yenye deni hukuta mzigo wake umechelewa. Muulize mkuu wa zahanati agizo lilitumwa lini. Jibu hilo ndilo la kupeleka kwa kamati ya zahanati, ambamo wanakijiji wana viti, badala ya kumfokea muuguzi ambaye hana ufunguo wa pesa.

Mwenye kibanda alipie leseni mapema kila mwaka unapoanza, kwa namba ya malipo ya kaunti na kamwe si mkononi mwa mtu. Anayeuza chakula anatakiwa pia cheti cha uchunguzi wa afya, ambacho hudumu miezi 6 tu. Leseni huwa bado hai wakati cheti kimeshakufa, na hapo ndipo ofisa wa afya anapokunasa. Ada yoyote lazima iwe kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo. Anayekudai aonyeshe kifungu. Aliyetozwa ushuru wa maembe au nazi kwenye kizuizi cha barabarani aitunze risiti hadi sokoni. Mwenye mifugo aanze kwa daktari wa mifugo wa kaunti kabla ya kukodi lori: kibali cha kuhamisha kinataka kwanza mnyama aonekane.

Kinachokosekana kabisa, kama zahanati mpya au lambo, hakipatikani kwa malalamiko. Kinapatikana kwenye bajeti, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karibu miezi kumi kabla ya pesa zenyewe. Makadirio ya bajeti huja kufikia Aprili 30. Anayejitokeza Mei kudai mradi ambao haukuwa kwenye mpango wa Septemba ameikuta sahani imeoshwa. Msimamizi wa wadi ndiye wa kumuuliza tarehe ya kikao, na kikaoni taja mradi kwa jina, kijiji na kiwanja kilipo. Ardhi isiyo na karatasi huzuia zahanati hata pesa zikiwepo.

Ukitaka kujua mradi fulani ulitengewa kiasi gani, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria inaruhusu ombi kwa Kiswahili, haikudai useme sababu, na asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na ofisa. Jibu ni ndani ya siku 21. Habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Ombi halilipiwi, unalipia nakala tu. Peleka barua mbili, moja ibaki kwao na nyingine igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Siku 21 zikipita kimya, hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoambatisha kwenye rufaa yako kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.