Nilivyocheza zimwi la sayari nyingine

Siku ya kwanza nilidumu dakika 4 ndani ya lile vazi. Pumzi ilinikata, nikaanza kujikwaruza shingoni, na fundi aliyehangaika nalo miezi miwili akalipasua mgongoni kwa mkasi bila kusita. Usiku kucha alikuwa akiliunga upya. Ile huruma yake sitaisahau.

Tulikuwa tunapiga filamu fupi ya kutisha ndani ya kiwanda chakavu cha mkonge, upande wa Korogwe. Wachimba madini wametua sayari ya mbali, wameokota kitu wasichokijua. Mashine ya korona, ile ya kukamua majani ya mkonge, ukiimulika kwa taa ya buluu kutoka chini ni chombo cha angani kabisa. Na hicho kitu kilichookotwa ni mimi.

Vazi lilikuwa la lateksi, aina ya mpira, na lateksi haipitishi jasho; joto la Korogwe mnalijua. Macho ya zimwi yalikuwa ya bandia. Mimi niliona kupitia ufa wa mdomo tu, tena sakafu na miguu ya watu. Ute wa menoni ulikuwa mlenda uliochemshwa na kuchujwa, na ikifika alasiri unanuka.

Dairekta alinisimulia habari za Bolaji Badejo, Mnigeria mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, aliyevaa zimwi la filamu ya Alien ya 1979. Kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kitini, wakamtengenezea bembea. Nasi tukafunga yetu kwenye kenchi, kwa kamba ya mkonge. Kila baada ya dakika 20 navuliwa kichwa, nawekewa kitambaa cha barafu shingoni, nakunywa maji yenye chumvi na sukari.

Mwili ukatulia, lakini hofu ikabaki. Ndipo nikampigia babu mzaa mama, Mmakonde wa Newala, aliyecheza mapiko, ngoma ya barakoa ya Wamakonde, ujanani. Barakoa ya lipiko hufunika kichwa kizima, na mchezaji huonea mdomoni mwake.

"Shikamoo babu. Mle ndani mlikuwa mnapumuaje?"

"Marahaba. Usihangaike kuona, mjukuu wangu. Sikiliza ngoma, miguu itajua. Na wasikuone ukivaa."

Mengine hakuniambia, nami sikuuliza. Mapiko yana siri zake.

Sisi hatukuwa na ngoma. Lakini maonyesho yangu hayakuwa na maneno, na sauti zake zingewekwa baadaye, kwa hiyo nikamwomba kijana wa sauti anigongee debe nyuma ya kamera, polepole, akikata ghafla. Debe likilia natembea, likinyamaza naganda, kichwa kikitangulia kugeuka kabla ya mabega. Pumzi nayo ikafuata mdundo. Mwendo wa zimwi ulipatikana hapo, na hata leo nikisikia debe magoti yanajikunja yenyewe.

Vazi nikawa navalia chumba cha mizani, mlango umefungwa. Dada aliyecheza daktari alikuwa amekula ugali nami wiki nzima, ila zimwi hakuwahi kuliona likikamilika. Nilipotokea nyuma ya korona alipiga kelele ambayo haikuwa kwenye skripti, akaangusha tochi, akakimbilia mlango ambao kamera haikuupanga. Dairekta hakurudia.

Nikavuliwa kichwa, nikamwita, "Dada, ni mimi." Alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kusogea, kisha akanigusa shavu kwa kidole kimoja.