Kumwogesha samaki!

Jamani, mikono bado inatetemeka 😅

Kitatange wangu mpya, samaki wa baharini, yule wa buluu iliyokoza, bado yuko karantini kwenye tangi lake peke yake. Tangu afike anajisugua kwenye bomba na kuhema upesi upesi. Ukimtazama, mwili safi kabisa.

Leo nikaandaa ndoo ya maji yasiyo na chumvi, joto na pH (kiwango cha asidi) sawa na ya tangini, pampu ya hewa ndani. Nikamtia dakika 5.

Akalala ubavu.
Moyo ukanilipuka.

Halafu nikaona vitu vyeupe, bapa, kama punje za ufuta, vinajitokeza kimoja kimoja ubavuni, hadi juu ya jicho.

Minyoo!

Walikuwapo siku zote, ila huwa hawaonekani mpaka maji yasiyo na chumvi yawageuze weupe. Wakaanza kudondoka. Mmoja kang'ang'ania ukingo wa jicho mpaka mwisho, mshenzi yule.

Sasa karudi tangini, kala kidogo. Usiku huu naanza prazikwanteli, dawa ya minyoo, na nitarudia baada ya wiki maana mayai yao hayasikii dawa.

Nani kashapitia haya? Wako naye alilala ubavu, au ni huyu wangu tu na maigizo yake?