Nilivyomwandalia baba mirathi ya mikorosho, Newala

Mikorosho inazaa kila mwaka, hivyo minada ikianza Oktoba kuna pesa mpya ya kugombaniwa. Ndiyo maana nilipomsaidia baba kupanga mali yake sikuanza na wosia. Nilianza na orodha.

Kuandika "shamba la bondeni" hakutoshi kama mtu ana mashamba mawili bondeni. Kila shamba tuliliandikia kitongoji, mipaka minne, idadi ya miti na lilivyopatikana: "Mikorosho 84. Mashariki korongo, magharibi njia ya kisimani, kaskazini mwembe mkubwa, kusini shamba la shule. Limenunuliwa, karatasi ya mauziano imo kwenye faili." Tukatembea mipakani na majirani pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, kisha tukaomba hati ya hakimiliki ya kimila kwenye halmashauri ya kijiji. Hati hiyo inaweza kubeba majina ya mume na mke. Shamba walilochuma pamoja liandikwe hivyo mapema, mama asije akaambiwa ni mgeni.

Madeni nayo yaandikwe: pembejeo, korosho zilizokwishachukuliwa pesa kwa kangomba (kuuza mapema kwa bei ya chini nje ya mnada), mikorosho iliyo rehani, na mahari ambayo mke hajalipwa. Hili la mahari husahaulika sana. Kwa Muislamu ni deni kama madeni mengine. Hulipwa baada ya gharama za mazishi, kabla ya wosia na kabla ya mafungu ya warithi.

Baada ya hapo ndipo tukaandika wosia. Kwa Kiislamu hauzidi theluthi ya mali inayobaki, na mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo msiimalizie theluthi kwa mtoto wa ndoa. Yeye ana fungu lake. Wafikirieni wanaobaki nje: mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa huku baba zake wadogo wakiwa hai, mtoto wa nje ya ndoa, mtoto wa kulea. Hao bila wosia wanabaki kutegemea huruma za watu. Mwenye wake wawili na watoto ajue thumuni, yaani ile moja ya nane ya mke, ni moja na wake wanagawana, si kila mmoja na yake. Akitaka mke apate nyumba, ampe hiba, yaani zawadi, akiwa mzima na amkabidhi kweli, maana hiba isiyokabidhiwa hurudi kwenye mirathi.

Kwa familia zinazofuata sheria ya mila, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma unataka mashahidi wawili. Asiyejua, wanne, wawili ndugu na wawili watu baki. Sisi ni Waislamu, lakini tuliweka wanne, mjomba akiwamo, kwa sababu huku kwetu mjomba asiposhirikishwa kikao cha ukoo hakitulii. Hakuna hata mmoja wao mwenye fungu.

Kilichotutoa jasho zaidi ni majina. Wengi huku wana jina la nyumbani na jina la shule, na kadi ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), akaunti ya benki na kitambulisho cha taifa havisomeki sawa. Mwenyewe akiwa hai, anaapa hati ya kiapo kwamba majina yote ni yake, yanaisha. Akishafariki, malipo ya korosho yanakwama na msimamizi wa mirathi anazungushwa.

Faili sasa liko tayari kwa mahakama ya mwanzo. Siku ikifika litaongezwa cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, anayehifadhi pia wosia), muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini za waliohudhuria, na Fomu Na. 1 ya maombi. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha Fomu Na. 5 ya mali na madeni, na hapo orodha yetu inanakiliwa ilivyo. Hesabu ya mgawanyo huenda kwenye Fomu Na. 6.

Wosia mmoja unahifadhiwa RITA, nakala moja anayo shahidi asiye ndugu. Baba akiuza shamba, akioa au akipata mjukuu wa kumuusia, unaandikwa mwingine kwa wino, wenye tarehe mpya, na wa zamani unachanwa mbele ya mashahidi.