Namna nilivyowaandaa viongozi kuzungumza na umma wakati wa dharura

Nilipoombwa kuwaandaa viongozi wa taasisi moja ya umma ili waweze kuzungumza na wananchi pindi dharura inapotokea, nilitajiwa mambo ambayo mkufunzi yeyote wa mawasiliano huyatarajia: kusimama mbele ya kamera, kujibu maswali ya waandishi wa habari, kuitawala sauti na mikono. Niliikubali kazi hiyo kwa sharti moja, kwamba kabla ya kumfundisha mtu yeyote kuzungumza, niruhusiwe kufuatilia njia inayopitiwa na taarifa tangu inapoandikwa na mtaalamu hadi inapomfikia mwananchi. Miaka ya kazi hii imenionyesha kwamba kiongozi anayebabaika mbele ya vipaza sauti mara nyingi hababaishwi na ukosefu wa ufasaha. Anababaika kwa sababu hajui ameruhusiwa kusema nini, wala nani atasimama upande wake akishasema.

Tulichukua taarifa moja ya zamani iliyohusu maji ya bomba, tukaiweka mezani pamoja na rasimu zake zote. Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa na mtaalamu wa afya, ilieleza kwamba baadhi ya sampuli zimekutwa na vimelea vya ugonjwa, kwamba chanzo bado hakijajulikana, na kwamba watu wachemshe maji ya kunywa hadi watakapotangaziwa vinginevyo. Mkuu wa idara aliondoa habari za sampuli akihofia kwamba zingezua maswali. Mwanasheria aliondoa vimelea kwa kuwa majibu ya vipimo vya marudio yalikuwa hayajafika. Ofisi ya juu nayo ikaliondoa agizo la kuchemsha maji kwa kuona kwamba lingeleta taharuki. Taarifa iliyotoka hatimaye, tena siku ya pili yake, iliwaomba wananchi wawe watulivu wakati suala hilo likiendelea kushughulikiwa. Kila aliyefuta kitu alikuwa na sababu inayoeleweka, na hakuna hata mmoja aliyedanganya; lakini aliyeisoma taarifa ile hakuachiwa neno lolote la kumsaidia kuamua anywe nini.

Kwa viongozi wengi ukimya huonekana kuwa ni tahadhari, kwa hiyo nilitumia muda mrefu kuwaonyesha gharama yake. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, katika uliokuwa Muungano wa Kisovieti, kililipuka usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986. Wakazi wa Pripyat, mji ulio kilomita chache tu kutoka kinuni, walihamishwa mchana wa tarehe 27, na tangazo fupi kutoka Moscow lilitoka jioni ya tarehe 28, baada ya wafanyakazi wa kinu cha Forsmark nchini Uswidi, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, kubaini mionzi iliyotoka nje ya mipaka yao. Muungano wa Kisovieti haukuokoa chochote kwa kunyamaza. Habari zilifika kwa njia nyingine, na zilipofika, kila neno la serikali lililofuata lilipokewa kwa mashaka.

Hivyo sehemu ya kwanza ya mafunzo haikuwa na kamera wala jukwaa. Tulikaa na mwanasheria, wataalamu, msemaji na viongozi wenyewe tukapanga ngazi za idhini. Tulikubaliana kwamba taarifa ya kwanza itoke ndani ya saa moja, na kwamba ihitaji saini mbili tu: ya mtaalamu anayethibitisha ukweli wake na ya kiongozi anayebeba dhamana. Tuliamua nani atasaini iwapo kiongozi yuko safarini au hapatikani kwa simu. Tuliandaa taarifa zenye nafasi wazi kwa ajili ya moto, mafuriko, mlipuko wa ugonjwa na uchafuzi wa maji, na mwanasheria akazipitia kwa utulivu, mchana kweupe, badala ya kuzipitia usiku wa manane huku simu zikiita. Washiriki kadhaa waliiona kazi hii kuwa ya kiofisi mno, wakaniuliza mafunzo yataanza lini. Mimi naamini kwamba hiyo ilikuwa nusu ya mafunzo, na pengine ndiyo nusu iliyo nzito zaidi, kwa kuwa hakuna mazoezi ya sauti yanayoweza kumsaidia mtu ambaye karatasi aliyopewa haina kitu.

Zoezi kuu nililijenga juu ya maji vilevile, kwa sababu maji humgusa kila mtu na kwa sababu kuna kisa cha kweli cha kujifunzia. Kati ya Machi na Aprili 1993 maji ya bomba ya Milwaukee, Marekani, yaliingiwa na kimelea kiitwacho Cryptosporidium, na watu wanaokadiriwa kufikia 403,000 wakaugua. Agizo la kuchemsha maji lilitolewa tarehe 7 Aprili, wakati wagonjwa wa kuharisha walikwisha kuwa wengi. Niliwataka viongozi wajiweke mahali pa wale waliopaswa kuamua siku zile, wakiwa na dalili nyingi mikononi na uhakika kidogo. Kisha nikaandaa chumba chenye taa kali, na nikawaalika waandishi wa habari wenye uzoefu, waliokubali kuuliza kama wanavyouliza wanapokuwa kazini.

Mwandishi mmoja, mama wa makamo, alinyoosha mkono mapema. "Mheshimiwa, nina mtoto mchanga nyumbani. Jioni hii nimkorogee maziwa kwa maji ya bomba au nisimkorogee?" Kiongozi aliyekuwa jukwaani alijibu kwa sauti nzuri na kwa utulivu: "Kama mnavyofahamu, tumejipanga kikamilifu, timu yetu ya wataalamu iko kazini usiku na mchana, na napenda kuwahakikishia wananchi kwamba hali imedhibitiwa." Mama yule akarudia swali lake neno kwa neno, naye kiongozi akarudia jibu lake, safari hii akiwashukuru pia wadau wote kwa ushirikiano wao.

Sikumkatiza. Tulipokaa kuitazama video ya zoezi hilo, niliwagawia wenzake karatasi, nikawaomba kila mmoja aandike jambo ambalo mama yule anapaswa kulifanya jioni hiyo kutokana na jibu alilopewa. Karatasi zilirudi zikiwa tupu, isipokuwa moja iliyosema kwamba mama asubiri. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya mhadhara wowote kutoka kwangu. Kiongozi mwenyewe aliomba kalamu, tukaandika jibu upya pamoja na mtaalamu wa maji aliyekuwa ameketi pembeni: "Usimkorogee, mama. Chemsha maji, yaache yatokote kwa dakika moja nzima, yakipoa ndipo uyatumie. Bado hatujajua uchafu umeingilia wapi. Wataalamu wanapima mabomba sasa hivi, na saa kumi na mbili jioni nitasimama hapa tena kuwaeleza walichokiona, hata kama watakuwa hawajakipata chanzo." Alilirudia jibu hilo mara nyingi, hadi alipoweza kulitoa akiwa anamtazama aliyeuliza badala ya kutazama karatasi.

Vincent Covello, mmoja wa wataalamu mashuhuri wa namna ya kuueleza umma kuhusu hatari, hupendekeza kwamba ujumbe wa dharura uwe na maneno 27, usemwe kwa sekunde 9, na ubebe hoja 3. Nimeona ni vyema kuwaeleza washiriki kwamba kipimo hicho cha maneno kilitokana na Kiingereza, na kwamba tukizungumza Kiswahili ni afadhali tushike sekunde na hoja, tuiache hesabu ya maneno.

Jambo lililowawia vigumu kuliko yote ni kukiri hadharani kwamba hawajui. Wengi walikuwa wamekuzwa katika utumishi kwa kuamini kwamba kiongozi asiye na jibu anajivunjia heshima, na imani ya namna hiyo haiondolewi kwa siku moja. Niliwaonyesha wapi uhakika wa kupita kiasi huwafikisha watu. Mwezi Mei 1990, wakati Waingereza walipokuwa na hofu juu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, waziri wa kilimo John Gummer alijitokeza mbele ya kamera akimpa binti yake mdogo mkate wenye nyama ya ng'ombe ili kuonyesha kwamba haina madhara. Tarehe 20 Machi 1996 serikali hiyohiyo ilitangaza bungeni kwamba huenda ugonjwa huo una uhusiano na vifo vya binadamu, na picha ile ya baba na mtoto imebaki kumbukumbu ya ahadi isiyopaswa kutolewa. Katika L'Aquila, Italia, afisa mmoja wa ulinzi wa raia aliwatuliza wakazi waliokuwa wakihisi mitetemo midogo mfululizo. Siku chache baadaye, tarehe 6 Aprili 2009, tetemeko kubwa likaua watu zaidi ya 300. Wataalamu sita pamoja na afisa huyo walitiwa hatiani mwaka 2012, na ingawa wale sita waliachiwa kwa rufaa mwaka 2014, mjadala wa kisa hicho haujaisha.

Kutokana na mifano hiyo niliwapa kanuni moja tu ya kushika: usiseme "hatujui" ukaishia hapo. Neno hilo lifuatwe na kazi inayofanywa ili kujua, na saa ambayo utarudi kuzungumza. Umma huvumilia kutojua kunakoambatana na kazi na miadi. Usichovumilia ni miadi isiyotimizwa. Kwa sababu hiyo tulifanya mazoezi ya kurudi jukwaani bila habari mpya, jambo ambalo viongozi hulichukia sana. New Zealand ilitoa mfano mzuri katika miezi ya kwanza ya korona mwaka 2020, ambapo Waziri Mkuu Jacinda Ardern na Mkurugenzi Mkuu wa Afya Ashley Bloomfield walizoeleka kuonekana saa saba mchana, hata watu wakapanga mchana wao kwa kufuata taarifa hiyo. Saa inayojulikana hupunguza pia uvumi, kwa kuwa mtu aliyesikia tetesi asubuhi anajua ni lini atapata wa kuithibitisha au kuikanusha.

Upande wa majonzi niliutengea siku yake. Mwaka 2010, baada ya mlipuko wa mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico kuua wafanyakazi 11, mkuu wa kampuni ya mafuta ya BP wakati huo, Tony Hayward, aliwaambia waandishi kwamba anatamani maisha yake yarudi kama kawaida. Maelezo mengi ya kiufundi aliyoyatoa yamesahauliwa, ila sentensi hiyo bado inatajwa. Niliwaambia washiriki kwamba mtu aliyefiwa anaisikiliza taarifa kwa sikio tofauti na la mwandishi wa habari, na kwamba waliokufa na walioumia wanatangulia kutajwa kabla ya taasisi, kabla ya hasara, na kabla ya pongezi kwa vikosi vya uokoaji. Tulipoanza mazoezi, wengine walisoma rambirambi kwa mwendo uleule wa kusoma bajeti. Niliwataka waiweke karatasi chini, waniambie kwa maneno yao wangemwambia nini jirani aliyempoteza mwanawe. Kila mmoja alijua la kusema. Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi kwamba maneno hayohayo, yakiwa na staha yake, yanafaa pia mbele ya vipaza sauti.

Tulizungumza pia juu ya nani anayesikilizwa. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, ulioua watu zaidi ya 11,300, ujumbe wa mwanzo ulisisitiza kwamba ugonjwa hauna tiba, na baadhi ya familia zikaona hakuna sababu ya kumpeleka mgonjwa kituoni. Maziko nayo yalileta mvutano hadi taratibu zilipobadilishwa, na mwezi Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa maziko salama na yenye heshima, ulioandaliwa kwa kushirikiana na taasisi za dini. Viongozi wangu waliposoma kisa hicho waliorodhesha mashehe, wachungaji, wakunga na watangazaji wa redio wa kuwapigia simu mapema, wakaongeza mkalimani wa lugha ya alama ambaye hakuwamo kabisa katika mpango wa awali.

Tulimaliza kwa zoezi la ghafla, lililoanza alfajiri kwa simu moja iliyoarifu juu ya moshi kutoka katika ghala la kemikali. Taarifa ya kwanza ilitoka ndani ya saa tuliyojiwekea, ikiwa na agizo la kufunga madirisha na kubaki ndani, na ikiwa na saini ya naibu kwa kuwa kiongozi mkuu hakupatikana. Ilikuwa fupi, na mtaalamu alithibitisha kwamba hakuna alichokiandika kilichoondolewa njiani. Baadaye dharura ya kweli, ndogo kuliko ile ya zoezi, ilishughulikiwa kwa utaratibu huohuo bila mimi kuwapo.

Kinachonishughulisha sasa ni uhamisho. Viongozi hubadilishwa, na aliyefanya mazoezi huondoka na uzoefu wake wote. Nimeomba zoezi la jukwaani liingizwe katika makabidhiano ya ofisi, ili anayeingia alifanye katika wiki zake za mwanzo, akiwa na mtaalamu na mwanasheria watakaosaini pamoja naye.