Breki inavuta kushoto, oili iko kulia

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa ukishaanza huku Newala, gari halina siku ya kulala. Mikorosho inatoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga haumsubiri mtu, na kila mwenye shamba anataka mifuko yake ya salfa leo leo. Dereva aliponiambia kwamba pikapu ikikanyagwa breki inavuta kushoto, niliona anavyonipima usoni, kama nitamwambia amalize kwanza mzigo uliobaki. Gari hilo hushuka mlima kwenda Masasi likiwa limejaa. Nikamwambia apakue kila kitu, tushuke tupu, gia ndogo, na mimi nipo ndani.

Ni Land Cruiser ya zamani, HZJ75, dizeli ya lita 4.2. Nyuma ina breki za dramu, na uzito wote unabebwa na habu, yaani kitovu cha gurudumu, pamoja na beringi zake. Ekseli, ile nondo inayopita katikati, kazi yake ni kuzungusha tairi tu. Kila upande una sili mbili, pete za mpira za kuziba oili. Moja inazuia oili ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli) isiingie kwenye habu, ya pili inazuia kilichomo kwenye habu kisitoke kwenda kwenye breki. Ya kwanza ikichoka, oili inaingia na kuosha grisi ya beringi. Ya pili nayo ikilegea, vyote viwili vinaishia kwenye lainingi, zile zinazosugua dramu ili gari lisimame.

Fundi wa Masasi hakuhangaika na kushoto hata kidogo. "Upande unaovuta ndio mzima, mama," alisema, huku anamwangalia dereva. (Nimeshazoea. Maswali ya gari langu huulizwa mwanaume yeyote aliyesimama karibu nalo.) Akainama nyuma ya tairi la kulia, akapitisha kidole ndani ya rimu, kikatoka cheusi, kimeshika vumbi jekundu la kwetu. Akakinusa, akaninyooshea na mimi ninuse. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna aliyeigundua mapema. Oili ya difu huwekwa viungo vya salfa makusudi, ili meno ya gia yasisagane yakielemewa, na gari lenyewe kwa miezi hii linanuka salfa kuanzia kwenye bodi mpaka kwenye viti.

Kufungua hakukuchukua muda. Jeki, stendi, tairi nje, nati za ekseli. Vile vipete vilivyochongoka kwenye stadi, bolti zinazoshika ekseli, huwa havitoki kwa kuvutwa. Unaigonga ekseli usoni kwa nyundo, vinaruka vyenyewe. Ekseli ikachomolewa, nati kubwa ya habu ikafuata, habu nzima ikaja mikononi mwa kijana wa fundi ikiwa inachuruzika. Sili iliyotolewa nimeishika. Mdomo wake, ambao ulitakiwa kuwa laini na kubonyea, ulikuwa umekauka ukawa mgumu, na ukiukunja unapasuka. Pale ulipokuwa ukikaa, fundi alipitisha ukucha kwenye chuma akitafuta mfereji. Hakuukuta. Nilishukuru, kwa sababu chuma kikishachimbwa na sili, hata sili mpya haizibi.

Lainingi ndizo tulizobishania. Kijana alishazitumbukiza kwenye petroli, tayari na msasa mkononi. Najua wengi hufanya hivyo na gari linatembea. Lakini lainingi hunywa oili. Ukiiosha inapendeza juu, breki zikipata moto mteremkoni oili iliyojificha ndani inatoka tena. Nikasema zinunuliwe mpya, kulia na kushoto. Sili zenyewe ni orijino, zimetoka Kariakoo kwa basi la usiku. Kuhusu sili sina mjadala: gharama yake iko kwenye kufungua na kufunga, si kwenye ule mpira.

Kisha nikauliza mbona sili zimekufa kabla ya wakati wake. Fundi hakunijibu. Aliingia chini ya gari akatoka na kikofia kidogo cha chuma, kile kinachokaa juu ya nyumba ya ekseli ili difu lipumue. Kilikuwa kimeziba tii, tope na oili vimeshikana. Gari likitembea difu linapata joto, hewa ya ndani inatanuka, na ikikosa pa kutokea inaisukuma oili kwenye sili. Ukiingia kwenye maji na difu lina moto, mambo yanageuka: hewa inapoa ghafla, inanywea, sili zinavuta maji ndani. Oili tuliyomwaga ilikuwa imeshaanza kufanana na chai ya maziwa. Dereva akakumbuka dimbwi la njia ya mashambani masika yaliyopita. Mimi nakumbuka madimbwi mengi zaidi ya hilo.

Kikofia kikaoshwa mpaka kikapitisha pumzi. Beringi zilikuwa bado nzuri, zikapakwa grisi mpya. Sili zikagongwa taratibu, mzunguko mzima, ziingie bila kulala upande, midomo ikiwa imepakwa grisi. Nati ya habu ilikazwa huku habu inazungushwa, ikalegezwa, ikakazwa tena mpaka habu ikaacha kuchezacheza na bado inazunguka bila kugoma. Difu likajazwa oili namba 90 mpaka ikachungulia kwenye tundu la kujazia.

Tulipanda Newala jioni. Tulipofika juu nilishuka nikagusa habu zote mbili kwa kiganja: zina uvuguvugu, sawasawa. Breki inashika moja kwa moja, usukani hauhami. Dereva sasa anataka kile kikofia kihamishwe, kifungwe mpira mrefu unaopanda mpaka chini ya bodi, maji yasikifikie. Fundi anasema ni kazi ya saa moja. Nimewaambia Jumamosi, mifuko iliyobaki ikishafika mashambani.