Miaka minne bila saiti

Machi 2020, korona ilipoingia nchini, hoteli tuliyokuwa tukiijenga Matemwe, Zanzibar, ilisimama. Nondo za slabu ya kwanza zilikuwa zishafungwa, zege bado. Wiki mbili baadaye nikapewa barua ya kupunguzwa kazi. Nilidhani nitakaa miezi mitatu. Nikakaa miaka minne.

Mwaka wa kwanza niliomba kila nafasi niliyoisikia. Wa pili mama akaugua, nikawa wa kumuuguza. Wa tatu nikaacha hata kujitaja kuwa mhandisi. Mtu akiniuliza kazi, nilimjibu nauza sambusa. Sambusa sizionei haya, zilitulisha. Kilichoniuma ni usaili, maana swali lilikuwa lile lile: "Tangu 2020 umejenga nini?" Sikuwa na cha kuonesha.

Mlango nilifunguliwa na ami yangu wa Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe. Ukuta wa nyumba yao ulikuwa ukibambuka plasta kila masika, na kila mwaka fundi huja akapiga saruji upya. Akaniambia, "Mwanangu, si umesomea majengo wewe? Njoo utazame."

Mimi nilisomea zege na nondo. Nyumba ile ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: upana haupiti urefu wa boriti. Beit-el-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka upande mmoja, 25 Desemba 2020, nililia pamoja na mji mzima, ila sikujua hata kuta zile hufa vipi. Sasa nilitaka kujua.

Nikaanza na daftari. Nilipima kila ufa, nikabandika juu yake kipande chembamba cha kioo kwa jasi, nikaandika tarehe. Kioo kikikatika, ukuta unatembea. Miezi mitatu vikabaki vizima, basi shaka kwamba msingi wa nyumba unatitia ikaondoka, nikayafuata maji. Bomba la mvua lilipasuka kule nyuma, ukuta ukawa unakunywa, na saruji ya nje ikayafungia maji ndani. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuziba, unyevu na chumvi husukuma plasta mpaka ianguke. Boriti mbili zilikuwa zimeoza vichwa.

Tulitengeneza bomba, tukabadilisha boriti, tukabandua saruji yote, tukauacha ukuta ukauke. Mzee mmoja fundi wa chokaa alinionesha kuipaka tabaka nyembamba nyembamba na kuinyunyizia maji isikauke kwa pupa. Hayo skuli sikufundishwa, na namshukuru mpaka leo. Usiku nilijirudisha kwenye programu ya kuchorea, kwa kompyuta ya mpwa wangu, nikaandika ripoti ya kurasa 11 yenye michoro, vipimo na gharama.

Usaili wa 2024 swali likaja tena. Nikasema wazi: nilipunguzwa, nikamuuguza mama, nikauza sambusa, na hii ndiyo kazi yangu ya mwisho. Wakaisoma ripoti mbele yangu. Karibu nusu saa wakaniuliza habari za vile vioo.

Cheo kilikuwa cha msaidizi, mshahara chini ya ule wa 2020. Nilikubali, kwa sharti liandikwe kwenye mkataba kwamba baada ya miezi sita tutakaa tena kuvizungumza vyote viwili. Ilipotimia, tukakaa, vikapanda.