Tulivyoyapa maji njia mtaani kwetu Lindi

Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Lindi mjini vilima vinateremka hadi ghubani, hivyo nyumba za chini mtaani kwetu zilikuwa zikiingiwa tope kila mwaka. Mtu akijenga ukuta kujikinga, maji yanamgeukia jirani wa pembeni. Ugomvi ulifika kwa balozi wa nyumba kumi mpaka akachoka kuusuluhisha.

Nilipoingia kwenye kamati ya wakazi niliomba kwamba, kabla ya kuchangishana, tupande hadi nyumba ya juu kabisa mvua ikiwa inanyesha. Tukavaa gambuti tukaenda. Maji ya kilimani yalikuwepo, ila mengi zaidi yalitoka kwenye mapaa na nyua zetu za saruji. Kikaoni nikapiga hesabu ubaoni: mvua ya milimita 1 ikiangukia mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo bati la mita za mraba 100, ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 5,000. Mzee wa nyumba ya juu, ambaye siku zote alisema maji ni ya Mungu, alikaa kimya, kisha akauliza bei ya gata.

Wenye uwezo waliweka gata na tenki. Wengine walichimba shimo wakalijaza mawe, mbali na msingi na mbali na choo. Chimba kidogo kwanza, mwaga ndoo ya maji, uangalie. Kwenye kichanga yanazama upesi, lakini kwenye mfinyanzi shimo litajaa na kufurika, usipoteze hela.

Maji yaliyobaki tuliyachimbia mtaro. Tulianza kuuchimba chini, maji yanakoishia, tukapanda nao. Fundi alilisimamia hilo na namshukuru, kwani ukianzia juu unawamwagia wa chini mafuriko kabla njia haijafunguka. Mteremko aliupima kwa mpira wa maji, yaani mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliotiwa maji ili kuonyesha usawa, akataka upungue angalau sentimita 1 kwa kila mita. Penye mteremko mkali tulijenga ngazi za mawe, maji yasikimbie na kula udongo. Sehemu inayokatiza barabara hatukuigusa, maana barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu ianzishwe 2017. Tuliandika barua ya kuomba kalavati kupitia kwa mtendaji wa mtaa, na ilibidi tuwe na subira.

Kilichonipa kazi zaidi ni kiwanja cha bibi mmoja, ambacho mtaro lazima upitie. Nilikwenda kumwamkia, nikakaa mkekani, nikamweleza taratibu. Akasema, "Pitisheni mjukuu wangu, ila mnazi wangu msiuguse mizizi." Tukauzungusha mtaro kwa kona pana, kwa sababu kona kali maji huiruka, tukamwekea na zege la kuvukia. Makubaliano tuliyaandika na kutia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nasisitiza sana maandishi, kwani viwanja hurithiwa na mrithi asiyejua ataufukia mtaro.

Sasa kila nyumba, wapangaji wakiwemo, inazibua kipande chake mwishoni mwa Oktoba. Asiyeweza kushika jembe anamlipa kijana. Wazee wanaoishi peke yao tunawazibulia sisi wenyewe, na chupa na mifuko inayotoka humo haiachwi ukingoni, inabebwa siku hiyohiyo.